Wiki ya Kuchimba Polepole

Trieu, karibu na Mons, 2 Julai 1950

Mwanangu Clémence,

Nianze kwa kukujulisha kwamba mimi, Anselme Dufrasne, ndiye mtu wa kwanza katika Trieu nzima kuusoma huo mpango wenu wa makaa na chuma. Nimeusoma gazetini mwanzo hadi mwisho, bila miwani, bila kupumzika, na nimeuelewa kuliko hata aliyeuandika.

Haya, nimedanganya. Alinisomea Polydore kinyozi huku ananinyoa, na alipofika aya ya pili nilikuwa nimeshalala na povu masikioni. Nilichoamka nacho ni hiki tu: kwamba mataifa sita, Wajerumani wakiwemo, yamekaa Paris kupatana juu ya makaa yetu, na kwamba binti wa marehemu mdogo wangu ndiye anayewapigia chapa maneno yao.

Salamu kwanza. Mama yako mkubwa Zulma hajambo, isipokuwa magoti. Ulimi wake haujawahi kuugua. Désiré wetu bado anashuka kila siku Sainte-Aldegonde, shimo namba tatu, mita mia nane na hamsini, pale pale nilipoacha mapafu yangu na baba yako akaacha kila kitu. Mkewe Ghislaine ana mimba. Krismasi haitafika kabla ya mtoto. Njiwa wangu ni kumi na wanne. Yule jike wa bluu alirudi kutoka mashindano ya Noyon Jumapili iliyopita akawa wa pili. Wa kwanza alikuwa wa Polydore, ndiyo maana siku hizi ananinyoa huku anaimba.

Sasa lililonikalisha mezani. Watu wanasema mashimo yetu ya Borinage ni mazee, makaa yake yako mbali na tabaka lake ni jembamba kama mkate wa mtu bahili, na kwamba huko Paris kuna orodha ya yatakayofungwa. Mimi sitaki orodha nzima. Nataka jibu moja, ndiyo au siyo: Sainte-Aldegonde imo? Désiré ameitwa Limburg, kwenye migodi mipya ya Waflamandi. Anapewa nyumba yenye bustani, na anatakiwa ajibu kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji, mapema Desemba. Anataka kwenda. Namwambia, "Subiri, mwanangu, nina mtu Paris."

Na kikapu changu cha njiwa je? Nilikuazima ubebee nguo kwa sababu mkanda wa sanduku lako ulikatika. Uliniapia kitarudi ndani ya wiki mbili. Usidhani nimesahau.

Baba yako mkubwa,
Anselme

*

Paris, 21 Julai 1950

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo, na umfikishie Mama Mkubwa shikamoo yake. Unisamehe kwa kuichapa barua hii badala ya kuiandika. Vidole vimezoea mashine hadi kalamu imekuwa ngeni.

Mimi mzima. Nimepanga kwa mjane mmoja karibu na stesheni ya kaskazini, ghorofa ya sita. Dirisha langu ni dogo kuliko la banda la njiwa wako. Kazi ni nyingi. Tunaanza saa mbili asubuhi, na wakubwa wakibadilisha neno moja tunaurudia ukurasa wote, nakala sita.

Siku ya kwanza Mjerumani mmoja mzee alinishikia mlango nipite. Nilisimama. Nilikukumbuka wewe na njiwa wako. Akasema kwa Kifaransa chake kibovu, "Pita, binti, mlango hauumi." Nikapita.

Ulichoniuliza siwezi kukujibu. Tuliweka saini kwamba hatutatoa neno nje. Tena sijui, na hata ningejua nisingesema. Nakuomba usiniulize tena, na usimwambie mtu yeyote kwamba una mtu Paris.

Kikapu kipo. Nimetia vitabu vyangu humo.

Mwanao,
Clémence

*

Trieu, 27 Agosti 1950

Mwanangu Clémence,

Barua yako ilikaa njiani mwezi mzima. Nchi yote iligoma kwa ajili ya Mfalme, arudi asirudi. Treni zililala, posta ikalala, hata mashimo yalilala. Mimi tu ndiye niliyefanya kazi: nilikaa kwenye kiti mlangoni nikawa nawapigia kelele askari. Mama yako mkubwa alinitolea kahawa ili nisipotewe na sauti.

Huyo mzee aliyekushikia mlango, muulize kama mwaka wa kumi na saba, wakati wa vita vya kwanza, alikuwa Mons. Kuna mmoja alinikatia njiwa ishirini na wawili vichwa, eti tusipeleke habari kwa adui, halafu akaniandikia risiti. Ninayo bado. Kama ni yeye, mwambie risiti yake haikosi hata nukta.

Unasema nisikuulize tena. Sawa, siulizi. Nakupa habari za nyumbani tu. Ghislaine amenunua kitambaa cha mapazia, cha bluu chenye maua madogo. Anakitandaza mezani kila Jumapili na mkasi mkononi, halafu anakikunja, kwa sababu hajui akikate kwa kipimo cha dirisha lipi, la hapa au la Limburg. Désiré anamwambia, "Kata tu, mke wangu, madirisha ni madirisha." Naye anamjibu, "Wewe unaelewa nini, wewe unayeshinda mahali pasipo na dirisha?"

Sijauliza kitu. Ni habari za mapazia.

Na kama unataka kujua kwa nini nashindwa kulala mchana kama zamani: nina miaka sitini na minane, nikipanda ngazi ya banda napiga mluzi kifuani kama birika. Limburg ni treni tatu. Akienda, nitamwona mara ngapi kabla hamjanizika? Hesabu wewe uliyesoma.

Kikapu.

Anselme

*

Paris, 8 Oktoba 1950

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana mara tatu. Ni yale mapazia.

Nitakwambia nilichokiona kwa macho yangu, halafu uichome. Utaanzishwa mfuko. Wajerumani na Waholanzi, ambao makaa yao yanachimbika kwa urahisi, watachangia humo kwa miaka kadhaa ili kuyabeba mashimo ya Ubelgiji ambayo makaa yake ni ya shida. Maneno ya ukurasa wa kumi na saba ni haya: "Kadiri shimo lilivyo dhaifu, ndivyo msaada wake utakavyokuwa mkubwa." Niliyachapa mimi.

Zaidi ya hapo sijui. Ili siri isivuje, hakuna anayepewa hati nzima. Tunagawiwa: mimi ukurasa mmoja, mwenzangu wa chumba cha pili ukurasa unaofuata, na haturuhusiwi kuonyeshana. Kumi na saba ulikuwa wangu.

Watakuja wapimaji, mwezi huu au ujao, kuona mtu mmoja anatoa kilo ngapi kwa zamu. Nadhani Désiré anaweza kubaki. Nasema nadhani, Baba Mkubwa.

Ichome.

Clémence

*

Trieu, 12 Novemba 1950

Mwanangu, mheshimiwa sana, mwokozi wa Borinage,

Barua yako niliichoma. Niliichoma mbele ya mashahidi, kilabuni kwa Zénobe, baada ya kuwasomea. Usikasirike, niliwasomea wanne tu, na wote ni watu wa kutunza siri: nilisoma Jumamosi, na Trieu nzima haikujua mpaka Jumanne.

Na wapimaji wakaja kweli. Walikuwa watatu, wenye kofia mpya za kushukia shimoni, kila mmoja na saa ya kubonyeza mkononi. Walikaa wiki nzima. Mtu akiinua sururu, wanabonyeza. Akikohoa, wanabonyeza. Akijificha kwenda haja ndogo, wanamfuata na saa.

Jumapili ya kabla yake nilisimama kilabuni nikawaambia, "Jamani, ukurasa mmeusikia. Aliye dhaifu ndiye atakayebebwa. Sasa wiki hii mnataka kumwonyesha nani misuli?"

Désiré akasema, "Mzee, mimi nitoe nusu ya kawaida yangu? Watasema naumwa."

"Waseme. Utakohoa kidogo."

"Sijui kuchimba polepole."

"Fikiria unamchimbia mama mkwe wako kisima."

Watu wakacheka. Polydore, ambaye maisha yake yote hajashuka hata kwenye ghala la viazi, akauliza, "Na wakigundua?"

"Watagundua nini? Hao makaa wanayajua yakiwa jikoni."

Basi ikawa wiki ambayo Sainte-Aldegonde haijapata kuiona. Unawajua watu wetu. Wameingia shimoni wakiwa na miaka kumi na mitatu, na tangu siku hiyo hawana sifa nyingine ila kilo zao. Mtu yuko radhi kutapika damu kuliko jirani ampite. Sasa wakashindana nani awe wa mwisho. Mmoja alinoa sururu yake tangu asubuhi hadi chakula cha mchana. Wachimbaji Waitaliano wa kule kambini hawakuelewa kitu. Walidhani kijiji kizima kina homa, nao wakapunguza mwendo kwa heshima.

Jibu ni kilo mia tano na sitini kwa mtu! Kawaida yetu ni mia tisa. Mkurugenzi hakuambiwa kitu, akapaza sauti kwamba wiki ile haikuwa ya kawaida. Wapimaji wakamjibu kwamba kila mkurugenzi waliyemtembelea amesema hivyo hivyo. Clémence, sisi ndio dhaifu kuliko wote! Wajerumani watalia machozi wakitusoma.

Jambo moja tu halikunipendeza. Ijumaa ile Désiré alipotoka kazini, mama yake alimwosha mgongo kama kawaida, akasema, "Mbona leo maji hayajawa meusi?" Désiré alivaa shati mgongo ukiwa bado na maji, akatoka.

Lakini yamepita. Jana amewaandikia Limburg kwamba haendi. Ghislaine ameshakata mapazia, kwa dirisha la hapa.

Ukipata nafasi unishukuru. Na ukipata nafasi nyingine, kikapu.

Anselme

*

Trieu, 10 Desemba 1950

Mwanangu Clémence,

Mbona kimya? Barua yangu ya mwisho ilikuwa nzuri, hata mimi niliipenda.

Jumatatu ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Barbara. Hakuna aliyeshuka shimoni. Tulikwenda misani, hata wasiosali, halafu kwa Zénobe. Waliniinulia glasi mimi, mimi ambaye kwa miaka kumi walikuwa wananiinulia kiti tu ili nipishe njia.

Ghislaine amejifungua Jumatano. Ni msichana, ana nywele kama brashi. Nilipendekeza aitwe Anselmine. Mama yake akasema afadhali aitwe Ndoo. Wamempa jina lako, Clémence. Désiré ndiye aliyetaka. Alisema, "Aitwe jina la shangazi yake aliyetuokoa."

Andika, basi. Hata mistari miwili.

Anselme

*

Paris, 14 Januari 1951

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Hongereni kwa mtoto. Nilipolisoma jina lake niliilaza barua kifudifudi mezani nikakaa nayo hivyo mpaka kahawa ikapoa.

Mwezi uliopita mwenzangu wa chumba cha pili aliugua, nikapewa kurasa zake nizirudie. Ukurasa wa kumi na nane unaanza hivi: "Isipokuwa mashimo ambayo mtu mmoja hutoa chini ya kilo mia saba kwa zamu. Hayo hayatapewa msaada, bali yatafungwa ndani ya miaka miwili, na watu wake watasaidiwa kuhamia kwingine."

Chini yake kuna jedwali. Mstari wa tisa ni Sainte-Aldegonde, namba tatu, kilo mia tano na sitini. Kwa mia tisa zenu za kila siku tungekuwa salama, tena mbali sana na hatari. Nilichapa nakala sita. Sikukosea hata herufi moja.

Baba Mkubwa, mwambie Désiré awaandikie Limburg leo hii. Usingoje kesho. Mwambie imetoka kwangu.

Mengine yote yanaendelea vizuri. Nimehama, anwani mpya iko nyuma ya bahasha.

Clémence

*

Trieu, 4 Machi 1951

Mwanangu,

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na saba Januari. Leo ni Machi. Safari hii posta haikugoma.

Niliisoma mwenyewe, kwa miwani. Ilinichukua asubuhi nzima. Kwa kawaida ningempa Polydore. Nilipomaliza niliificha bandani, chini ya majani ya yule jike wa bluu, naye tangu siku hiyo ameilalia kama yai. Nikaanza kukuandikia kichekesho kuhusu jambo hilo. Hakikukaa. Ndiyo imekuwa Machi.

Sikumwambia mtu. Sikumwambia mama yako mkubwa, ambaye hujua hata ninachoota. Désiré nilimwambia hivi: "Waandikie Limburg, uwasalimie tu."

"Niwasalimie kwa nini, Mzee?"

"Mtoto anahitaji bustani."

"Mtoto ana wiki sita. Bustani ya nini?"

"Andika, Désiré."

Akanitazama sana. Akaandika. Jibu limekuja wiki iliyopita: nafasi yake alishapewa mtu mwingine Mwaka Mpya, nyumba zimejaa, na orodha ya wanaosubiri imefungwa. Akanionyesha ile barua, akaniuliza, "Kuna kitu?" Nikamwambia hakuna kitu.

Kilabuni bado wananinunulia bia. Wananiuliza, "Anselme, pesa za Wajerumani zimefika wapi?" Nawajibu ziko njiani, Mjerumani hupenda kuhesabu mara mbili. Wanacheka, nakunywa. Tena naisikia ladha yake, Clémence. Nilidhani itakuwa chungu. Ni tamu kama zamani, na ndiyo inayonifanya nirudi nyumbani mapema.

Na wewe nikwambie. Zamani bahasha zako zilikuwa za ofisi, nene, zenye ngao ya simba. Hii ya Januari ni ya dukani. Na barua umeiandika kwa mkono, wewe uliyesema kalamu imekuwa ngeni. Shule nilisoma miaka minne tu, lakini bahasha naweza kuisoma. "Mengine yote yanaendelea vizuri." Yapi?

Anselme

*

Paris, 22 Aprili 1951

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Umenisoma bahasha, basi nikusomee na ndani.

Siku ile ile nilipochapa ukurasa wa kumi na nane niliingia kwa mkuu wa ujumbe wetu. Nilikuwa sijawahi kuingia mle bila kuitwa. Nikamwambia, "Bwana, namba ya Sainte-Aldegonde si ya kweli."

Akauliza, "Umejuaje?"

"Wachimbaji walipunguza kazi makusudi wiki ile. Ni watu wa kwetu."

"Walijuaje kwamba kuna faida ya kupunguza?"

Akajua kabla sijasema. Hakupandisha sauti. Alinivutia kiti nikae, kama mgeni. Akasema, "Binti, jedwali hili limetuchukua wiki saba. Nikifungua mstari mmoja wa Ubelgiji, Wajerumani watafungua yote ya kwao, na Waholanzi watafunga mikoba warudi nyumbani. Hapo hakuna mfuko, hakuna msaada kwa shimo lolote. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba nilimwelewa.

Akaniuliza shimo lina watu wangapi. Nikasema mia nne na kumi. Akaiandika hiyo namba kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akakitia mfukoni mwa koti. Asubuhi yake bawabu alinikabidhi mwavuli wangu mlangoni. Sikuruhusiwa kupanda ngazi.

Sasa nauza glavu katika duka moja. Wateja wananinyooshea mikono, nawapima vidole. Si kazi mbaya.

Jumatano walitia saini mkataba. Nilikwenda kusimama ng'ambo ya barabara pamoja na watu wengine waliokuwa wakitazama magari. Yule Mjerumani mzee wa mlangoni alishuka, akaniona, akanivulia kofia. Mwenzangu wa chumba cha pili ananiambia kurasa zilikuwa bado kiwandani zinapigwa chapa, kwa hiyo wakubwa wametia saini kwenye karatasi tupu, mengine yatabandikwa baadaye. Sijui kama ni kweli. Nilicheka peke yangu barabarani, mama mmoja akamvuta mtoto wake mbali nami.

Umeshawaambia watu? Kama bado, waambie, na uwaambie kwamba ni mimi. Niliona nusu ya neno nikaituma kama neno zima.

Trieu sitarudi. Yule mtoto mbadilishieni jina, bado ni mdogo, hatajua. Kikapu nitakituma nikipata mtu anayekuja upande huo.

Clémence

*

Trieu, 13 Mei 1951

Mwanangu Clémence,

Mama yako mkubwa anakusalimu. Anasema glavu ni kazi ya kiti kikavu, usiidharau. Tayari anajua kila kitu. Nilimwambia yeye wa kwanza, akaendelea kumenya viazi mpaka akamaliza sufuria mbili, nasi siku hiyo tulikuwa wawili tu mezani.

Tangazo lilipigiliwa misumari kwenye lango la shimo Jumatatu. Litafungwa kwa awamu. Zamu ya mchana inaondolewa mwezi wa saba. Désiré ni wa zamu ya mchana.

Siku hiyo nilikwenda kwa Zénobe. Nilisimama pale pale niliposimama Novemba. Nikawaambia, "Jamani, ukurasa haukuwa mmoja. Ilikuwa miwili. Clémence aliniandikia yote miwili, na alinionya wazi kabisa. Mimi ndiye niliyesoma wa kwanza, bila miwani, nikafurahi, nikauchoma wa pili sijausoma. Mtoto hana kosa. Kosa ni la mzee mpumbavu aliyetaka mwanawe asihame."

Wameamini mara moja. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Nakiri hilo limeniuma kidogo.

Nilingoja mtu anipige. Nilikuwa nimevua na miwani nikaitia mfukoni. Hakuna aliyenyanyuka. Zénobe aliichukua glasi yangu, ilikuwa bado nusu, akaimwaga, akafuta meza mahali ilipokuwa. Polydore akasema, "Anselme, nenda nyumbani." Akalisema kwa upole. Siku hizi ananinyoa bila kuimba na bila kusema, nami kule chini ya wembe sina usingizi tena.

Désiré alikuwa amekaa karibu na mlango. Tulitoka pamoja. Tulifika mpaka kwenye pampu ya maji. Pale akasema, "Mzee, ile wiki ndiyo wiki pekee maishani mwangu niliyoona haya kupokea ujira." Nikamjibu, "Najua." Akasema, "Hujui. Wewe hukuwepo kule chini." Kisha akanishika mkono kwa sababu pale pana mwinuko, na mimi nina kifua.

Anakwenda Lorraine, kwenye migodi ya chuma. Mlango wa Limburg umefungwa, huko ndiko wanakochukua watu. Atalala kambini, kwenye vitanda vya ghorofa, kama walivyolala Waitaliano hapa kwetu, ambao tuliwacheka wanavyokausha soksi dirishani. Ghislaine na mtoto watabaki na sisi mpaka apate nyumba, na nyumba hajui lini. Mapazia ameyashusha, ameyafua, ameyakunja. Dirisha liko wazi, sasa jua linampiga mtoto usoni mchana kutwa.

Kuhusu jina: nimemuuliza Ghislaine. Amesema mtoto akiitwa Clémence anageuka, na hataki kumfundisha kugeuka upya. Kwa hiyo hilo limekwisha, mzigo ni wenu nyinyi wawili.

Njiwa nimemgawia Polydore sita, kwa sababu nikipanda ngazi nashuka nimekuwa bluu. Aliwafungia wiki mbili, akawalisha ngano nzuri kuliko yangu. Siku aliyowafungulia, wote sita walikuwa juu ya paa langu kabla hajafunga mlango wa banda. Tumejaribu mara tatu. Mara ya tatu alikuja kuwachukua tena, akawatazama, akaondoka bila kitu.

Sasa sikiliza. Nahitaji kikapu changu. Sitakuomba kitu kingine mwaka huu, wala unisamehe, wala uniandikie vizuri. Uliniapia wiki mbili, na sasa ni mwaka kasoro wiki chache. Posta hawapokei vikapu vya njiwa, nimeuliza. Haya, sijauliza, lakini hawatapokea. Mtu wa kumpa pia usitafute, watu hukikalia kwenye treni wakadhani ni kigoda. Treni ya saa nne asubuhi inatoka hapo hapo stesheni ya kaskazini, mchana iko Mons. Ghislaine anaijua, atakuwa stesheni na mtoto kila Jumapili ya mwezi wa sita mpaka kikapu kije. Vitabu viache humo humo. Na ukibebe kwa upande wa mlango mkubwa, mwanangu, mlango mdogo una kijiti kilichovunjika, kitakuchania soksi.

Baba yako mkubwa,
Anselme